Sura ya 5: Florini, Atomu Inayotafuta Elektroni Moja

Mwanafunzi aliyezaliwa Arumeru, mkoani Arusha, akijiunga na shule ya bweni Dar es Salaam au Mtwara, swali humfikia kabla hajamaliza kutandika kitanda: mbona meno yako ya kahawia, kwenu hakuna miswaki? Mwenzake wa Nakuru au Naivasha huulizwa vivyo hivyo akifika Mombasa. Wapo wanaozoea kucheka huku wameziba mdomo kwa kiganja, na mazoea hayo huwafuata hadi ukubwani.

Jibu la mtaani ni fupi: maji ya kwao yana floraidi. Ni jibu la kweli, lakini linazaa swali gumu zaidi. Ukichukua boksi la dawa ya meno dukani na kusoma maandishi madogo ya ubavuni, utakuta floraidi ikitajwa kuwa ndiyo inayokinga meno yasioze. Inakuwaje kitu kilekile kiharibu jino Arusha na kulilinda Tanga? Tena inakuwaje elementi hiyohiyo ikutwe kwenye kikaango kisichoshika chakula na kwenye gesi ya friji?

Majibu yote hayo yanaanzia mahali pamoja, ndani ya atomu ya florini. Atomu hiyo ni ndogo, na imepungukiwa na elektroni moja tu. Karibu kila tabia yake, yenye faida na yenye madhara, inatokana na mambo hayo mawili. Hata njia ya kuwasafishia maji watoto wa Arumeru imo humo humo.

Ndani ya atomu

Elementi ni dutu ambayo kemia haiwezi kuigawanya ikatoa dutu nyingine rahisi zaidi. Dhahabu ni elementi, oksijeni ni elementi, na florini pia. Chembe ndogo kabisa ya elementi inayobaki na tabia zake ndiyo atomu.

Katikati ya atomu kuna kiini. Ndani ya kiini mna protoni, zenye chaji chanya ya umeme, na neutroni, zisizo na chaji yoyote. Nje ya kiini zipo elektroni, zenye chaji hasi. Chaji chanya na chaji hasi huvutana, na mvutano huo ndio unaozizuia elektroni zisiponyoke.

Idadi ya protoni ndiyo kitambulisho cha elementi. Atomu ya florini ina protoni 9, na florini yote inayopatikana kwa asili duniani ina neutroni 10. Kwa kuwa protoni ni 9, elektroni nazo ni 9.

Elektroni hukaa kwa ngazi, na kila ngazi huitwa mzingo. Mzingo wa kwanza, ulio karibu na kiini, hauchukui zaidi ya elektroni 2. Wa pili huchukua 8. Kwa hiyo elektroni 9 za florini hujipanga hivi: 2 ndani, 7 nje. Mcheza bao anaweza kuuona mzingo huo wa nje kama safu moja ya mashimo manane ambayo saba yana kete na moja halina kitu.

Atomu yenye mzingo wa nje uliojaa hutulia. Neoni, jirani wa florini mwenye protoni 10, ina elektroni 8 kamili kwenye mzingo huo, na ndiyo maana haijishughulishi na elementi nyingine. Florini iko hatua moja nyuma ya utulivu huo.

Upungufu huo peke yake hautoshi kuieleza florini, maana klorini na iodini nazo zina elektroni 7 kwenye mzingo wa nje. Tofauti iko kwenye ukubwa. Klorini ina mizingo mitatu na iodini mitano, hivyo nafasi tupu ya kila moja iko mbali na kiini, tena imekingwa na elektroni nyingi za mizingo ya ndani. Nafasi tupu ya florini iko kwenye mzingo wa pili, jirani kabisa na protoni 9, na katikati kuna elektroni 2 tu za kuupunguza mvuto. Elektroni yoyote inayopita karibu huvutwa kwa nguvu kubwa.

Mwaka 1932 mwanakemia wa Marekani, Linus Pauling, alitunga kipimo cha kulinganisha nguvu hiyo ya kuvuta elektroni kati ya elementi na elementi. Kwa hesabu zinazotumika leo, sodiamu ina 0.93, kaboni 2.55, klorini 3.16, oksijeni 3.44. Florini ina 3.98, na hakuna elementi inayoizidi.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya metali na simetali. Metali, kama chuma au sodiamu, ni elementi ambazo kwa kawaida huachia elektroni zinapoungana na nyingine. Simetali ni zile zinazovuta elektroni au kushirikiana. Florini ndiyo simetali kali kuliko zote.

Miungo miwili, tabia mbili

Muungo ni kile kifungo kinachoshikilia atomu pamoja. Florini hufunga miungo ya aina mbili, na kila aina huzaa vitu vya tabia yake.

Aina ya kwanza hutokea florini ikikutana na metali. Sodiamu ina elektroni moja tu kwenye mzingo wake wa nje na huiachia kirahisi. Florini huichukua. Sasa sodiamu imepungukiwa na elektroni, kwa hiyo ina chaji chanya. Florini imeongezewa, kwa hiyo ina chaji hasi. Atomu yenye chaji namna hiyo huitwa ioni. Ioni chanya na ioni hasi huvutana na kujipanga kwa safu, zikawa fuwele ngumu kama chumvi. Huu ndio muungo wa ioni.

Ioni ya florini ndiyo inayoitwa floraidi, na hapa msomaji anapaswa kutua kidogo. Florini na floraidi hazifanani kwa tabia. Florini ni atomu iliyopungukiwa, nayo ni kali kupita kiasi. Floraidi ni atomu ileile baada ya kuipata elektroni yake ya kumi, nayo imetulia. Hakuna binadamu anayekunywa florini. Kinachokuwemo ndani ya maji, majani ya chai na dawa ya meno ni floraidi.

Aina ya pili hutokea florini ikikutana na simetali mwenzake. Hapo hakuna anayekubali kuachia, basi atomu mbili hushirikiana jozi ya elektroni, kila moja ikihesabu jozi hiyo kuwa yake. Atomu zilizoungana hivyo hufanya molekuli. Florini na hidrojeni hushirikiana hivyo, na florini na kaboni vilevile.

Hata florini yenyewe kwa yenyewe hushirikiana. Gesi ya florini ni molekuli za atomu mbilimbili. Ni gesi ya manjano iliyopauka, yenye harufu kali na sumu, na huwa kimiminika ikipoozwa hadi nyuzi 188 za Selsiasi chini ya sifuri. Lakini muungo wa atomu hizo mbili ni dhaifu. Atomu zenyewe ni ndogo, kwa hiyo hukaribiana sana, na zile elektroni nyingine za nje ambazo hazimo kwenye ushirika husukumana kwa kuwa zote ni hasi. Kuuvunja muungo wa florini kwa florini huhitaji takriban theluthi mbili tu ya nishati ya kuvunja muungo wa klorini kwa klorini.

Muungo wa florini na elementi nyingine ni habari tofauti kabisa. Ule wa florini na hidrojeni una nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya ule wa florini kwa florini, na ule wa florini na kaboni unaufuata kwa karibu, kama mara tatu.

Basi ukali wa gesi ya florini unaeleweka. Inagharimu nishati kidogo kuziachanisha atomu zake, kisha hutoka nishati nyingi kila atomu inapoungana na kitu kingine. Hata maji, yanayozima moto wa kuni, hushika moto ndani ya gesi ya florini: florini hunyakua hidrojeni na kuifukuza oksijeni.

Kwa ufupi:

- Florini ina elektroni 9, yaani 2 ndani na 7 nje, na inahitaji moja ili itulie.
- Ni ndogo, ndiyo maana inavuta elektroni kuliko elementi nyingine yoyote.
- Ikipata elektroni hiyo kutoka kwa metali, huwa floraidi iliyotulia.
- Ikishirikiana elektroni na kaboni au hidrojeni, muungo wake ni mgumu sana kuvunjika.

Miaka ya kuitafuta, na gharama yake

Kwa kuwa florini hushika kila inachokigusa, haikai peke yake. Kwenye ukoko wa dunia ni nyingi kuliko shaba na risasi, lakini karibu yote imefungwa ndani ya madini. Linalojulikana zaidi ni floriti, ambalo ni ioni za kalsiamu na floraidi, fuwele nzuri za zambarau, kijani au njano. Nchini Kenya, mgodi wa Kimwarer kwenye Bonde la Kerio ulichimba madini hayo kwa miongo kadhaa hadi shughuli ziliposimama mwaka 2016.

Wanakemia wa karne ya 19 walijua kwamba ndani ya floriti kuna elementi isiyowahi kuonwa na mtu. Mwaka 1812 Mfaransa André-Marie Ampère alimwandikia Humphry Davy wa Uingereza akipendekeza iitwe florini. Kuitaja ilikuwa rahisi, kuikamata ndiyo ikawa kazi. Ukimimina asidi kali juu ya floriti unapata asidi ya hidrofloriki, yaani hidrojeni iliyoungana na florini, ambayo hula kioo. Asidi hiyo hupenya ngozi, ikafika kwenye damu na mifupa, na floraidi yake ikaishika kalsiamu ambayo moyo unaihitaji ili udunde. Davy mwenyewe iliwahi kumdhuru. Ndugu wawili wa Ireland, George na Thomas Knox, waliathirika vibaya. Paulin Louyet wa Ubelgiji na Jérôme Nicklès wa Ufaransa walipoteza maisha.

Aliyefaulu ni Henri Moissan, mjini Paris, tarehe 26 Juni 1886. Alipitisha umeme ndani ya asidi ya hidrofloriki isiyo na tone la maji, iliyochanganywa na chumvi ya potasiamu na floraidi, huku chombo kizima kimepoozwa kwa baridi kali. Chombo kilikuwa mrija wa platini na iridi, kwa sababu kioo kingeliwa. Vizibo alivichonga kutoka kwenye floriti. Uchaguzi huo ulikuwa wa akili: floraidi iliyomo ndani ya floriti imekwisha kupata elektroni yake, hivyo florini haikuwa na cha kuinyang'anya. Gesi iliyotoka upande mmoja wa mrija ilipogusa silikoni, silikoni ikawaka moto.

Wajumbe wa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa walipokuja kushuhudia, gesi haikutoka. Moissan, katika kutaka kuwaonyesha kazi safi, alikuwa ametumia asidi isiyo na ile chumvi, na asidi tupu haipitishi umeme ipasavyo. Alipoirudisha chumvi, gesi ikatoka mbele yao. Mwaka 1906 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Alifariki Februari 1907 akiwa na umri wa miaka 54.

Kutoka mlimani hadi kisimani

Sasa turudi kwenye maji. Ufa Mkuu wa Afrika Mashariki, kutoka Ethiopia kupita Kenya hadi kaskazini mwa Tanzania, umejaa milima iliyozaliwa na volkano: Meru, Kilimanjaro, Longonot, Oldoinyo Lengai. Miamba na majivu ya volkano hizi yana florini nyingi. Maji ya mvua yakipenya ardhini, huosha floraidi kutoka kwenye miamba hiyo na kuibeba hadi kwenye chemchemi na visima.

Lakini kuwa na florini kwenye mwamba bado hakutoshi. Jambo la pili ni kalsiamu. Ioni ya kalsiamu ina chaji chanya mbili, na ikikutana na floraidi za kutosha ndani ya maji, huzishika zikaganda kuwa floriti na kutuama chini. Kwa hiyo maji yaliyopita kwenye mawe yenye kalsiamu nyingi, kama mawe ya chokaa, hayawezi kubeba floraidi nyingi kwa muda mrefu.

Maji ya Ufa Mkuu ni kinyume chake. Yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Sodiamu haigandishi floraidi, huiacha ielee. Oldoinyo Lengai ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava iliyojaa kabonati ya sodiamu, na maziwa yanayoizunguka, Natron likiwemo, ni ya magadi. Kwenye maziwa ya Nakuru na Elmenteita nchini Kenya imewahi kupimwa floraidi inayozidi miligramu 1,000 kwa lita. Maziwa ya Momella, chini ya Mlima Meru, yana mamia ya miligramu. Hakuna anayekunywa maji ya maziwa hayo, lakini mito, chemchemi na visima vya miteremko ileile ndivyo vinavyotegemewa na vijiji.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, si kwa sababu mwili wa Mtanzania ni tofauti, bali kwa sababu vijiji vingi havikuwa na maji mengine ya kunywa.

Maji si njia pekee. Magadi yanayotiwa kwenye maharage au makande ili yaive upesi hutoka kwenye mazingira yaleyale, na huweza kubeba floraidi nyingi hata pale ambapo maji ya bomba ni mazuri. Mchai nao hukusanya floraidi kutoka udongoni na kuiweka kwenye majani yake.

Kinachotokea ndani ya jino

Gamba la nje la jino huitwa enameli, nalo ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Limejengwa kwa fuwele za apatiti: kalsiamu, fosfati na jozi ndogo ya oksijeni na hidrojeni iitwayo hidroksidi. Hidroksidi ina chaji hasi moja. Floraidi nayo ina chaji hasi moja, na ukubwa wao unakaribiana. Ndiyo maana floraidi huweza kuingia kwenye fuwele na kukaa mahali pa hidroksidi bila kuubomoa mpangilio.

Mtu akila sukari, bakteria wa kinywani huigeuza kuwa asidi. Asidi hushambulia hidroksidi kwanza, na fuwele ikaanza kuyeyuka. Huo ndio mwanzo wa jino kutoboka. Pale floraidi ilipochukua nafasi, fuwele hushikana vizuri zaidi na huhitaji asidi kali zaidi ili iyeyuke. Kiasi kidogo kinachopakwa juu ya jino kila siku kwa mswaki kinatosha kulinda.

Madoa ya kahawia yana historia nyingine, na huanza kabla jino halijatoka kwenye ufizi. Enameli ya meno ya ukubwani hujengwa tangu mtoto anapozaliwa hadi kufikia miaka 8 hivi. Mtoto akinywa floraidi nyingi katika kipindi hicho, chembe hai zinazojenga enameli huvurugwa kazi yake. Jino hutoka likiwa na vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Mwanzoni huwa na mabaka meupe kama chaki. Baadaye rangi za chakula na vinywaji huingia kwenye vitundu hivyo, na jino likawa kahawia. Hali hii huitwa florosisi ya meno.

Hapa pana haki ya kutendewa wale wanafunzi wa bweni. Madoa hayo si uchafu na hayasuguliwi na mswaki wowote. Yule anayeulizwa kama kwao kuna miswaki huenda anapiga mswaki kuliko anayemuuliza. Pia, mtu mzima anayehamia Arusha akiwa na meno yaliyokwisha kuota hatapata madoa hayo, kwa kuwa enameli yake ilimaliza kujengwa zamani. Watoto atakaowalea huko ndio watakaopata.

Uhusiano huu ulichukua muda kugunduliwa. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifungua kazi mjini Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Aliona pia kwamba meno hayo hayakuoza kirahisi. Sababu ilijulikana mwaka 1931, mkemia H. V. Churchill alipopima maji ya maeneo yenye madoa na kukuta floraidi nyingi. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, huko huko Marekani, ukawa wa kwanza duniani kutia floraidi kwenye maji ya bomba kwa kipimo, takriban miligramu 1 kwa lita, ili kupunguza kuoza kwa meno.

Kwa hiyo suala zima ni kipimo, na umri wa anayekunywa. Kwa maji ya kunywa, picha iko hivi:

- Karibu na miligramu 1 kwa lita: meno hupata kinga, madoa ni machache na hafifu.
- Zaidi ya 1.5: watoto wengi zaidi huota meno yenye madoa.
- Kati ya 3 na 6, kwa miaka mingi: mifupa huanza kuathirika, viungo hukakamaa na kuuma.
- Zaidi ya 10, kwa miaka mingi: ulemavu wa mifupa huweza kutokea.

Mifupa nayo imejengwa kwa apatiti, na kwa kuwa hujibomoa na kujijenga upya maisha yote, huendelea kupokea floraidi hata uzeeni. Kwenye baadhi ya vijiji vya miteremko ya Meru wapo watoto ambao miguu yao imepinda kwa sababu ya floraidi.

Muungo usiovunjika: kikaango, friji na Kigali

Muungo wa florini na kaboni umeleta faida nyingine na madhara mengine. Tarehe 6 Aprili 1938 Roy Plunkett, mkemia kijana wa kampuni ya DuPont nchini Marekani, alifungua mtungi wa gesi iliyotengenezwa kwa kaboni na florini. Hakuna gesi iliyotoka, ingawa mtungi ulikuwa na uzito wake wote. Walipoukata kwa msumeno walikuta unga mweupe wenye utelezi. Molekuli za gesi zilikuwa zimejiunga zenyewe kuwa minyororo mirefu ya kaboni iliyovikwa florini pande zote. Dutu hiyo ndiyo Teflon.

Florini zilizouvika mnyororo huo zimetosheka. Zimezishika elektroni zake kwa nguvu na hazina haja ya kugusana na kitu kingine, ndiyo maana yai na chapati haziambatani na kikaango kilichopakwa Teflon. Atomu ambayo ikiwa peke yake huwasha maji moto, ikishapata mwenzi huwa mpole kuliko karibu kila kitu jikoni.

Upole huo una gharama. Kuna kundi kubwa la kampaundi za kaboni na florini, zilizotumika kutengeneza mipako, vitambaa visivyopenyeza maji na povu la kuzimia moto, ambazo mazingira hayawezi kuzivunja. Hubaki majini, udongoni na katika damu za watu kwa miaka, na zimepewa jina la kemikali za milele.

Gesi za friji nazo zina hadithi ya kufanana. Za zamani zilikuwa na kaboni, florini na klorini. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi hizo, kwa kuwa hazivunjiki huku chini, hupanda hadi juu sana angani, ambako miale ya jua hatimaye huing'oa klorini, nayo ikaharibu tabaka la ozoni linalotukinga. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulianza kuzikomesha. Gesi nyingi zilizokuja badala yake baadaye hazina klorini, ila zina florini, na baadhi hunasa joto angani maelfu ya mara kuliko kabonidayoksaidi. Oktoba 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kuzipunguza nazo hatua kwa hatua. Makubaliano hayo yanaitwa Marekebisho ya Kigali.

Familia ifanye nini kuhusu maji

Jambo la kwanza la kujua ni lisilosaidia. Kuchemsha maji huua vimelea, lakini floraidi haigeuki mvuke. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki na kuongezeka makali. Kuchuja kwa kitambaa hakuiondoi. Dawa ya klorini haiiondoi. Maji yenye floraidi nyingi huweza kuwa maangavu, matamu na yasiyo na harufu, kwa hiyo macho na ulimi havitoshi. Kinachotakiwa ni kipimo cha maabara.

Njia iliyojaribiwa sana kaskazini mwa Tanzania, kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha, na huko Nakuru nchini Kenya, ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, ikasagwa, kisha maji hupitishwa humo taratibu. Sababu ya kufanya kazi msomaji anaijua tayari: mfupa ni apatiti, na floraidi huacha maji ikakaa mahali pa hidroksidi. Mkaa huo unapokea kile ambacho kingeingia kwenye meno ya mtoto. Nafasi zikijaa, mkaa huchoka, na lazima ubadilishwe au usafishwe kitaalamu. Chujio lililosahaulika miaka miwili ni pambo tu. Baadhi ya waumini huuliza mifupa imetoka kwa mnyama gani na amechinjwa vipi. Hilo ni swali la haki, na mtengenezaji anapaswa kulijibu waziwazi.

Mambo mengine yaliyo ndani ya uwezo wa nyumba nyingi:

- Kukinga maji ya mvua kwenye tangi safi, kwa kuwa mvua haijagusa miamba na ina floraidi kidogo sana. Kama ni machache, yawekwe kwa ajili ya kunywa na kupikia uji wa watoto wa chini ya miaka 8.
- Kunyonyesha. Maziwa ya mama hupitisha floraidi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji ya kisima. Miezi sita ya maziwa ya mama pekee ni miezi sita ya kinga.
- Kuacha kutumia magadi kwenye chakula cha watoto; maharage yakilowekwa usiku kucha huiva bila magadi.
- Kumpa mtoto dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele akiwa chini ya miaka 3, na kiasi cha punje ya njegere baada ya hapo, na kumfundisha kutema.

Kazi iliyobaki ni kubwa kuliko uwezo wa familia moja. Kisima kirefu hugharimu mamilioni ya shilingi, na ni uonevu kwa kijiji kuchimbiwa kisima, kukatiwa utepe na kupigiwa picha, kisha kizazi kizima kikaja kuota meno ya kahawia. Kupima floraidi ni gharama ndogo ukilinganisha na kuchimba. Kwenye kila wilaya ya Ufa Mkuu, kipimo hicho kinapaswa kufanyika kabla bomba halijafunguliwa kwa wananchi, na majibu yabandikwe palepale kisimani, kwa tarakimu kubwa na kwa Kiswahili, ili mama anayekuja na ndoo ajue maji haya ni ya kufulia au ni ya kumpa mtoto.